Kutengeneza au Kununua Nyingine: Hesabu ya Kompyuta Mpakato Iliyochoka

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na uliozoeleka maofisini, vyuoni na majumbani kote Afrika Mashariki. Tangu hapo swali la siku zote limepata uzito mpya: mashine iliyoanza kusumbua itengenezwe, au fedha hizo ziongezewe inunuliwe nyingine?

Majibu yanagongana. Fundi anasema ibadilishwe diski tu, itakimbia kama mpya. Muuza duka anasema mashine ya umri huo ni ya kutupa. Muuza mitumba anayo nyingine mezani, safi, ya bei nafuu, na yuko tayari kupokea ya zamani kwa kuongezewa kidogo. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja ana riziki yake ndani ya jibu analolitoa. Mwenye mashine anaondoka na ushauri wa aina tatu, na kompyuta inayozimika kila chaja inapochomolewa.

Makala haya yanachambua chanzo cha mkanganyiko huo, yanapima hoja za kila upande, kisha yanatoa mizani. Jambo moja litajitokeza mara kwa mara: katika soko letu, mbadala wa kutengeneza mara nyingi ni mashine iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, wala si mashine mpya ya kwenye boksi. Ushauri mwingi unaoagizwa kutoka nje haulihesabu hilo, na ndiyo maana hautufai sana.

Tulifikaje hapa

Mkanganyiko una mizizi mitatu. Wa kwanza ni namna mashine zinavyoundwa. Zamani, kompyuta mpakato ya kawaida ilikuwa na betri ya kuchomoa kwa vidole, na RAM na diski zilikaa chini ya vifuniko vyenye skrubu mbili tatu. Kisha yakaja mashindano ya wembamba. MacBook Air ya mwaka 2008 ilikuja na RAM iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na MacBook Pro ya skrini ya Retina ya 2012 ikafuata njia hiyo. Kampuni nyingine nazo zikaiga. Leo katika mashine nyingi nyembamba RAM haiongezwi wala haibadilishwi, na katika MacBook zenye chipu za Apple hata hifadhi ya mafaili imeshikana na bodi. Mnunuzi amepata wepesi na umbo la kupendeza, lakini amepoteza uwezo wa kubadilisha kipande kimoja bila kugusa vingine.

Kuna nguvu zinazovuta upande wa pili. Ufaransa, tangu Januari 2021, inawataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa kutengenezeka kwa baadhi ya vifaa, kompyuta mpakato zikiwamo. Nchini Marekani kampuni ya Framework inauza mashine ambazo mwenyewe anaweza kuzifungua na kubadilisha karibu kila sehemu. Mabadiliko hayo bado ni nadra kuonekana kwenye kaunta za maduka yetu, ila yanathibitisha kwamba ugumu wa kutengeneza ni uamuzi wa kibiashara zaidi ya kuwa lazima ya kiufundi.

Mzizi wa pili ni Windows 11. Ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa za Intel kwa jumla kuanzia kizazi cha 8, ambacho kilianza kuingia sokoni mwaka 2017, au za AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Kwa mstari huo mmoja, mashine nyingi zilizo nzima kabisa kwa vifaa zikawekwa nje. Ndipo watu walipoanza kuambiwa kwamba kompyuta yao "imekufa" ilhali inawaka, inaandika na inachapa.

Mzizi wa tatu ni soko la mitumba. Makampuni na taasisi za Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache. Zile za zamani huuzwa kwa shehena, na sehemu yake huishia Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi na mitaa ya namna hiyo katika miji mingine. Majina yake yanajulikana: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Mkondo huu una bahati ndani yake, kwa sababu mashine za kiofisi huundwa kwa ajili ya kutengenezwa na mafundi wa kampuni, hivyo hufunguka kirahisi na spea zake zimejaa. Una hatari pia: kampuni za nje zinapohama Windows 10, mashine za kwanza kutolewa ni zile zisizokidhi masharti ya Windows 11.

Kinachokufa ndani ya mashine

Neno "imeharibika" linaficha mambo matatu tofauti, na ushauri mwingi mbovu unatokana na kuyachanganya.

La kwanza ni kuchakaa kwa sehemu zilizoumbwa kuchakaa. Betri ya lithiamu ya kompyuta mpakato kwa kawaida huhimili mizunguko kati ya 300 na 500 ya kuchaji kabla ya uwezo wake kushuka kwa kiasi cha kuhisiwa. Apple inakadiria mizunguko 1,000 kwa MacBook zake za miaka ya karibuni. Joto huharakisha uzee huo, na mashine inayoshinda kwenye chaja ndani ya chumba cha joto la Tanga au Mombasa huzeeka haraka zaidi. Kupima ni rahisi: Windows ina amri ya powercfg /batteryreport inayotoa ripoti yenye namba mbili za kulinganisha, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 20,000, betri imebakiwa na asilimia 40, na hapo hakuna "kupiga Windows" upya kutakakosaidia. Betri iliyovimba ni suala jingine kabisa. Dalili yake huonekana nje: pedi ya kugusa inainuka na kugoma kubonyea, au mfuniko wa chini unaacha mwanya pembeni. Hiyo haisubiri hesabu yoyote. Itolewe, kwa sababu inaweza kuwaka moto.

Kundi hilo hilo lina diski ya zamani ya kuzunguka, feni iliyojaa vumbi, pesti iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kupozea, kibodi, bawaba za mfuniko, soketi ya chaja na kioo. Vyote hivi hubadilishika. Kati yake diski ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Diski ya kuzunguka husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde mafaili yakiwa yamepangika, na kasi hiyo huporomoka vibaya inapotafuta vifaili vidogo vilivyotawanyika, kazi ambayo Windows huifanya tangu inapowaka. SSD (diski isiyo na sehemu ya kuzunguka) ya kawaida ya SATA hufika karibu megabaiti 500, na huruka kutoka faili moja hadi jingine bila kusubiri chuma kizunguke. Mashine nyingi zinazoitwa "nzito" zina ugonjwa huo mmoja tu.

La pili ni kuugua kwa bodi kuu. Hapa visababishi vinavyofahamika kwa mafundi ni vinne: umeme unaopanda na kushuka, chaja feki zisizo na ulinzi, vimiminika na kutu. Kikombe cha chai ya maziwa kikimwagika kwenye kibodi, maji hukauka lakini sukari na chumvi hubaki. Baada ya wiki kadhaa fundi anayetazama bodi kwa darubini hukuta unga wa kijani na mweupe kwenye miguu ya vipande vidogo, na njia nyembamba za shaba zilizolika. Hewa ya bahari yenye chumvi huchochea kutu hata pasipo chai. Bodi ya namna hii inaweza kufufuliwa na fundi mwenye vifaa, lakini ulikaji mara nyingi umesambaa kuliko unavyoonekana, na mashine iliyowaka leo inaweza kuzima baada ya miezi miwili kwa sababu ya kipande kingine kilichokuwa kinasubiri zamu yake.

La tatu ni kupitwa na programu. Mashine ni nzima, ila mfumo wake hauzibwi tena matundu ya usalama. Huu si ugonjwa wa vifaa, na tiba yake haitafutwi kwenye bisibisi.

Hoja ya kutengeneza

Watetezi wa kutengeneza wana hoja nzito. Kwanza, gharama ya kuanzia ni ndogo, na kwa mwanafunzi au mfanyabiashara mdogo fedha taslimu za leo zina maana kuliko akiba ya miaka mitano ijayo. Pili, mwenye mashine anaijua historia yake: imewahi kuanguka au la, imewahi kunyeshewa au la, chaja yake ni ipi. Ujuzi huo una thamani ambayo hakuna muuzaji wa mitumba anayeweza kukuuzia. Tatu, mafaili, programu na leseni zinabaki mahali pake. Nne, kwa mashine za kiofisi, spea zilizotolewa kwenye mashine nyingine zilizokufa hupatikana kwa wingi, na hilo hushusha bei.

Udhaifu wake nao si mdogo. Ubora wa spea haupimiki kwa macho. Betri iliyoandikwa jina la kampuni kubwa inaweza kuwa na seli zilizookotwa kwenye betri nyingine, na huenda ikachoka ndani ya miezi michache. Kazi ya fundi pia hutofautiana mno: yupo anayepima voltiji hatua kwa hatua hadi apate kipande kilichokufa, na yupo anayepasha bodi nzima joto akitumaini itashika. Ufufuo wa joto mara nyingi hudumu kwa muda mfupi tu. Dhamana ya kazi ikiwapo, aghalabu ni ya maneno.

Kasoro kubwa zaidi ni ya kisaikolojia, na wachumi wanaifahamu vizuri. Mtu aliyekwisha kulipia kioo mwezi Machi huona vibaya kuitupa mashine mwezi Juni bodi inapogoma, hivyo analipia na bodi; Septemba analipia soketi. Kila malipo yalionekana madogo siku yake. Fedha zilizokwisha kutumika hazirudi kwa kuongezewa nyingine, na uamuzi wa leo unapaswa kutazama miezi ijayo peke yake.

Hoja ya mashine mpya

Upande wa pili unaanza na uhakika. Mashine mpya ina dhamana ya maandishi, betri yenye uwezo kamili, na miaka ya masasisho mbele yake. Hutumia umeme kidogo kuliko mashine za muongo uliopita na hukaa muda mrefu bila chaja, faida inayoonekana waziwazi pale umeme unapokatika katikati ya kazi. Kwa mtu ambaye siku moja bila kompyuta ni siku ya kupoteza mteja, uhakika huo unalipa.

Hata hivyo, wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kompyuta mpya za bei ya chini zina vidonda vyake. Nyingi huja na RAM ya gigabaiti 4 iliyolehemiwa, prosesa dhaifu na hifadhi ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD na haibadilishwi. Gigabaiti 4 ni kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11. Ukifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa pamoja na mkutano wa video, mashine inaanza kuhema. Mnunuzi wa mashine hiyo ana dhamana ya mwaka mmoja juu ya kitu kitakachomkera kuanzia wiki ya kwanza. EliteBook ya miaka saba iliyoongezewa RAM na SSD inaweza kuishinda kwa kazi zote za ofisi.

Kuna pia mambo ya wakati. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za RAM zimepanda katika soko la dunia, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji wao kwenye seva za akili mnemba. Hali hiyo inagusa pande zote mbili: inapandisha bei ya mashine mpya, na inampandishia fundi bei ya kipande cha kuongeza. Asiye na haraka ana sababu ya kulinganisha bei kwa majuma kadhaa kabla ya kukata shauri.

Njia ya katikati: mtumba

Hapa ndipo wengi huishia, na ndipo uchambuzi wa kawaida hukaa kimya. Mtumba mzuri hutoa ubora wa mashine ya kiofisi kwa sehemu ya bei yake ya awali. Ukipata iliyotunzwa, umeruka hasara kubwa ya thamani aliyoibeba mnunuzi wa kwanza.

Lakini mtumba ni kubadilishana: unatoa ubovu unaoujua na kupokea ubovu usioujua. Betri yake nayo ina umri. Diski yake ina saa za kazi ambazo hazijaandikwa kwenye kava. Rangi mpya na stika mpya za kibodi hazisemi lolote kuhusu bodi. Baadhi ya mashine zilizotoka makampuni makubwa bado zimefungwa kwa nenosiri la BIOS au zimesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni ya awali. Zinaweza kuwaka vizuri dukani, kisha zikadai kibali cha mwajiri wa mbali siku mfumo utakapowekwa upya.

Kosa linaloumiza zaidi ni kununua mtumba ambao nao uko nje ya mstari wa Windows 11. Mtu anaiacha mashine yake kwa sababu ya Windows 10, kisha ananunua nyingine yenye tatizo lile lile. Kulikwepa ni kazi ya dakika moja. Soma namba ya prosesa: kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6, kwa hiyo haikubaliki; kwenye i5-8350U ni 8, inakubalika. Kwa kawaida ndiyo tofauti kati ya ThinkPad T470 na T480, mashine mbili zinazofanana sana kwa sura na ambazo asiyejua atadhani zinatofautiana mwaka tu.

Suala la Windows 10 peke yake

Kwa kuwa ndilo lililochochea taharuki, linastahili kupimwa peke yake. Mwenye mashine iliyo nzima lakini ya kizazi cha zamani ana njia nne.

Anaweza kujiunga na mpango wa masasisho ya ziada, ambao kwa watumiaji binafsi ulitangazwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Ni njia ya kununua muda wa kujipanga, na ichukuliwe hivyo.

Anaweza kumwachia fundi aweke Windows 11 kwa kuzunguka masharti. Inafanyika kila siku na mara nyingi inafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba Microsoft haitoi uhakika wa masasisho kwa mashine za namna hiyo, na toleo la 24H2 lilikwisha kuzikataa baadhi ya prosesa za zamani sana kwa sababu hazina maagizo linayoyahitaji. Kinachofanya kazi leo kinaweza kukwama kwenye toleo lijalo.

Anaweza kuhamia Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambayo ni ya bure na huendesha mashine za zamani vizuri. Kwa anayetumia kivinjari, barua pepe na LibreOffice, mabadiliko yanazoeleka. Kwa mhasibu ambaye programu yake ni ya Windows pekee, njia hii imefungwa.

Anaweza pia kuendelea kama zamani. Mashine isiyounganishwa na intaneti, tuseme ya kuchapia ankara au kuendeshea spika za ukumbi, haina hatari kubwa. Mashine inayofungua akaunti ya benki ina hatari inayokua kila mwezi.

Tahadhari moja inagusa njia zote: programu za kuvunja leseni. Watu huziweka ili Windows ikubali, na baadhi yake hubeba virusi. Mashine nyingi za kiwandani tangu enzi ya Windows 8, mwaka 2012, zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya bodi yenyewe. Toleo linalolingana nalo likiwekwa, kwa kawaida hujithibitisha bila hila yoyote.

Kanuni ya nusu bei na mapungufu yake

Ushauri unaosikika sana ni huu: gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine, usitengeneze. Kanuni inapendeza kwa wepesi wake, ila inaacha swali wazi: nusu ya bei ya mashine ipi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashine inahitaji SSD na betri, jumla shilingi 300,000 za Tanzania. Ikiuzwa ilivyo baada ya kupona ingepata 450,000. Mtumba unaolingana nayo ni 600,000. Mpya ya kuridhisha ni 1,500,000. Ukilinganisha na mpya, matengenezo ni asilimia 20, na kanuni inasema tengeneza. Ukilinganisha na mtumba, umefika nusu kamili, na kanuni inasitasita. Ukilinganisha na thamani ya mashine yenyewe, ni theluthi mbili, na kanuni inasema tupa. Kanuni moja, hukumu tatu.

Kipimo bora ni gharama kwa kila mwezi wa kazi unaotarajiwa. Kama SSD na betri zitaipa mashine miezi 24, ni 12,500 kwa mwezi. Mtumba wa 600,000 ukidumu miezi 30 ni 20,000 kwa mwezi. Mpya ikidumu miaka mitano ni 25,000 kwa mwezi, ingawa mwishoni inaweza kuuzwa na kurudisha kiasi. Hapo matengenezo yanashinda. Badilisha jambo moja tu: zile 300,000 ziwe za kufufua bodi iliyomwagikiwa, yenye matumaini ya miezi sita. Gharama inapanda hadi 50,000 kwa mwezi, na matengenezo yanakuwa chaguo ghali kuliko yote. Fedha ni zile zile. Kilichobadilika ni ugonjwa.

Kipimo hiki nacho kina dosari: idadi ya miezi ni makisio. Bado makisio yanayotamkwa waziwazi ni bora kuliko kanuni inayoyaficha, na fundi anayeombwa aseme mashine itadumu muda gani, kisha aandike hilo kwenye risiti, hupima maneno yake.

Gharama zisizoonekana kwenye risiti

Mafaili ndiyo ya kwanza. Kwa watu wengi picha, tasnifu au vitabu vya hesabu vina thamani kuliko mashine nzima. Diski inayotoa sauti ya kugonga au kupoteza mafaili inapaswa kunakiliwa kabla ya jaribio lolote la matengenezo, kwa kuwa kuiwasha mara nyingi kunaweza kuimalizia. Upande wa pili, mashine inayouzwa au kuachwa kwa fundi kama spea hubeba siri za mwenyewe. Diski ifutwe kikamilifu au itolewe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo ofisi inayouza kompyuta zenye taarifa za wateja inajitafutia kesi.

Ya pili ni taka. Ripoti ya dunia kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa rasmi. Kwa Afrika kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia moja. Vituo rasmi vipo, kama WEEE Centre jijini Nairobi na kiwanda cha Enviroserve wilayani Bugesera, Rwanda, ila mashine nyingi hazifiki huko. Madini nayo yana bei yake: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayotumika kwenye betri za lithiamu, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa ukanda wa Kolwezi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa ukaa ya kompyuta mpakato hutokana na utengenezaji wake kiwandani, kila mwaka unaoongezwa kwenye mashine iliyopo ni nafuu ya kweli.

Hoja ya mazingira isigeuzwe fimbo ya kumchapa asiye na uwezo, wala isitumiwe kuhalalisha mashine inayotumia muda wa mfanyakazi kusubiri. Mwalimu anayepoteza nusu saa kila asubuhi akingoja kompyuta iwake analipa gharama ambayo hakuna aliyeiandika. Lakini pale hesabu ya fedha inapokaribiana, mazingira yana haki ya kura ya uamuzi.

Mizani

Hoja zikiwekwa pamoja, picha inajitenga vizuri kuliko kelele za sokoni zinavyoonyesha.

Matengenezo yanashinda pale ambapo kilichochoka ni sehemu ya kuchakaa, bodi ni nzima, na prosesa ni ya kizazi cha 8 au zaidi. Mashine hiyo ikipewa SSD, betri na usafi wa feni, kuitupa ni hasara tupu. Yanashinda pia kwa mashine ya zamani kidogo ambayo mwenyewe yuko tayari kutumia Linux, mradi gharama ni ya kipande kimoja.

Kununua nyingine kunashinda bodi inapokuwa na kutu au imekwisha kufufuliwa mara moja, kunapokuwa na maradhi mawili makubwa kwa pamoja, au RAM iliyolehemiwa inapokuwa ndogo kuliko kazi. Kwa anayenunua, mtumba wa kiofisi uliokaguliwa unaishinda mpya ya bei ya chini karibu kila mara. Mpya inastahili pale bajeti inaporuhusu angalau gigabaiti 8 za RAM na SSD ya kweli, au pale kazi inapodai dhamana ya maandishi.

Kati ya hali hizo mbili kuna eneo la shaka: kioo kilichopasuka kwenye mashine ya umri wa kati, bawaba zilizong'oka pamoja na kava, bodi ambayo fundi anasema "inawezekana". Hapo kinachoamua ni ubora wa fundi na uzito wa kazi inayosubiri. Gharama ya uchunguzi iliyolipwa kwa fundi wa pili, asiyeuza mashine, ni ndogo kuliko kosa la upande wowote.

Hitimisho

Swali la kutengeneza au kununua linachanganya kwa sababu linaulizwa mapema mno. Linatanguliwa na maswali mengine manne, kwa utaratibu: mafaili yako salama? Kilichougua ni sehemu ya kuchakaa, bodi au mfumo? Prosesa iko upande gani wa mstari wa Windows 11, na je, mstari huo unaigusa kazi ya mwenye mashine? Kila chaguo litagharimu kiasi gani kwa mwezi wa kazi linaouahidi?

Anayeyajibu manne hayo hukuta jibu la mwisho limebaki jembamba. Mwisho wa Windows 10 haukuziua mashine zilizo nzima; umeweka tarehe ya kupanga. Wala bei nafuu ya mtumba haifuti hatari yake. Inaihamisha kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Mashine inayojulikana, yenye ugonjwa mmoja unaotibika, ni mali bora kuliko mashine isiyojulikana inayong'aa. Ila ikishaugua bodi, kuendelea kuilipia ni kuchelewesha ununuzi ambao utafanyika tu, na utafanyika mfukoni mkiwa mmepungua.